Baba mkwe akikohoa mimi najificha, mtoto anamkimbilia: yaliyotukuta uwanjani kwetu Kyela

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji tu. Napita jukwaa la malezi, nasoma, nacheka peke yangu, naondoka bila hata kugonga like. Leo nimeamua kuandika kwa sababu nimemwona mama mmoja kauliza mwanae kaanza kutambaa, afanye nini nyumbani. Wakuu mmemjibu vizuri: afunike soketi, aondoe visu, ndoo za maji zikae juu.

Yote kweli. Ila kuna hatari nyingine haiko kwenye soketi. Iko kwenye mazoea yetu wenyewe, tena yale mazuri, na hakuna duka linalouza mfuniko wake.

Hii siyo chai, siyo hadithi ya kutunga. Imenikuta mimi, uwanjani, mchana kweupe, na mtoto ni wa kwangu wa kumzaa. Ni ndefu kidogo, mwenye maharage jikoni akapunguze moto kwanza.

Iko hivi.

Nimeolewa Kyela, kijiji kimoja cha kata ya Ikolo. Kwetu mimi ni Kasumulu, pale mpakani. Mama yangu ana ndugu zake Karonga, upande wa Malawi, kwa hiyo nimekulia kwenye kuuza vitenge na kubishana bei na watu wa kila aina. Mdomo ninao, sitaki kuwadanganya.

Mume wangu ni fundi wa mafriji Mbeya mjini, anashuka nyumbani wikiendi. Mimi naishi kwa wakwe, na wala sikulazimishwa. Mama mkwe wangu ni shoga yangu kabisa. Tunapika wote, tunasengenya wote, kanisani tunakaa benchi moja.

Baba mkwe ndiye habari yenyewe.

Kwa wasiojua: kwa Wanyakyusa wa asili, mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Wazee wanaita ukutila, yaani ni kumwogopa kwa heshima. Huli naye, humtazami usoni, huongei naye. Mkikutana njiani wewe unapinda zako kwenye migomba mpaka apite. Ukiwa na neno, unampa mama mkwe alifikishe. Familia nyingi siku hizi wameacha, baba mkwe na mkwe wanakaa sebule moja wanaangalia mpira. Ya kwetu haijaacha.

Na msije mkadhani Mzee ni mkali. Ni mtu mpole mno, mzee wa kanisa, mkulima wa kokoa na mpunga, hata mbwa anamfukuza kwa kumbembeleza. Ndivyo tu alivyolelewa, na kwake yeye kunikwepa ni kuniheshimu. Mwanzoni nilikuwa nacheka sana. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa naujua mgongo wa Mzee kuliko sura yake.

Sasa ili tusigongane, Mzee ana kikohozi.

Siyo cha ugonjwa. Akitaka kutoka ndani kuja uwanjani, anasimama mlangoni anakohoa: "Khm, khm." Hapo mimi naacha ninachofanya, navuta khanga kichwani, naingia jikoni. Jiko letu liko pembeni, kuta zake za mianzi. Nikishaingia ndiyo anatoka. Akimaliza shughuli zake anarudi ndani, na mimi narudi kwenye kazi yangu. Tumeishi hivyo bila kukwaruzana hata siku moja, tena nikazoea kabisa.

Akazaliwa Gwamaka.

Jina maana yake ni mwenye nguvu, na jamani, limemkaa. Alipokuwa wa kubebwa hapakuwa na tatizo. Mzee akikohoa, mimi naondoka na mtoto mgongoni, au namwacha kwenye mkeka ili babu yake amsalimie. Maana mtoto hana ukutila, mtoto ni wa babu. Mzee anamnyanyua, anamwimbia vinyimbo vyake vya Kinyakyusa, akichoka anamrudisha pale pale kwenye mkeka. Mimi nachungulia kwenye nafasi za mianzi huku moyo umejaa.

Ukimweka mkekani, unamkuta mkekani. Hivyo ndivyo tulivyozoea, na mazoea hayo ndiyo yalitaka kututoa roho.

Siku aliyoanza kutambaa nilipiga vigelegele. Ndani ya muda mfupi nilikuwa natamani arudi kwenye kukaa. Weee! Kule ana majivu mdomoni, huku kamshika kuku mkia. Mama mkwe ana mtungi wake wa maji, wa udongo, alinunua mwenyewe Lyulilo, kwenye soko la mitungi la Wakisi kule Matema, na kuupakata kwenye gari safari nzima. Gwamaka akaushika shingo ajisimamishe, mtungi ukalala, ukapasuka vipande. Maji nyumba nzima.

Nikaanza kuomba radhi. Mama mkwe wala hakunisikiliza, alikuwa anampapasa mtoto miguu.

"Mitungi iko Lyulilo imejipanga," akasema. "Huyu nitampata wapi mwingine?"

Siku ile ile tukafanya yale mnayoyasema humu. Ndoo zikapanda juu, panga likahamia darini, jiko la mkaa likawekewa uzio wa matofali. Nikajiona nimemaliza, mama bora. Kumbe kuna kitu sijakiona kabisa, na kilikuwa kinatokea kila siku mbele ya macho yangu.

Gwamaka alikuwa ameshajifunza kile kikohozi.

Akisikia "khm, khm" anageuka, anacheka, anaanza kutambaa kumfuata babu yake. Sisi tulikuwa tunaona raha. "Ona anavyompenda babu!" Hakuna aliyekaa akafikiria kwamba sauti inayoniondoa mimi uwanjani ndiyo hiyo hiyo inayomwondoa mtoto mkekani.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa msimu wa kokoa. Tumeshavundika, tumeanika kwenye mikeka uwanja mzima, harufu yake kama siki, mwenye kujua anaijua. Mimi nimekaa pembeni nachambua punje mbovu, Gwamaka kwenye mkeka wake mdogo na kopo lake la kugonga. Mama mkwe kaenda nyuma shambani kukata majani ya migomba.

Gari la Mzee lilikuwa limeegeshwa pale pale uwanjani. Ni pickup ya zamani, milango minne, inawaka kwa kubembelezwa. Ndiyo inayopeleka kokoa ghalani na mchele mjini. Nyuma yake kulikuwa na kivuli kizuri, na punje kadhaa zilizomwagika tulipokuwa tunapakua.

Mawingu yakaanza kushuka kutoka milima ya Livingstone. Watu wa Kyela mnajua mvua yetu haipigi hodi. Kulikuwa na magunia yaliyokwisha kukauka stoo, ilibidi yapakiwe yawahi ghalani kabla barabara haijawa tope.

Mzee akakohoa.

Nikavuta khanga, nikaondoka. Mtoto nikamwacha, maana siku zote Mzee akitoka kwanza anamsalimia mjukuu. Nilikuwa na uhakika na hilo kama ninavyojua jina langu.

Ila siku hiyo Mzee alikuwa na haraka ya mvua. Alitoka akapitia upande wa migomba, moja kwa moja mpaka mlango wa dereva. Na hakuangalia kwenye mikeka. Wakuu, hapa ndipo naomba mnielewe: hakuangalia kwa makusudi, kwa adabu. Maana huenda mkwe bado hajamaliza kuondoka, na yeye hataki kumwaibisha. Alijua mtoto nimeondoka naye. Mimi nilijua mtoto yuko naye. Wote wawili tumegeuza macho kwa heshima, na mtoto katikati hana mtu.

Nikasikia gari linawaka.

Nikachungulia kwenye mianzi nimwone mwanangu mikononi mwa babu yake. Mkeka mtupu. Kopo liko peke yake.

Nikatafuta kwa macho. Nikamwona nyuma ya gari, karibu na tairi, amekaa kwenye kile kivuli anaokota punje za kokoa. Ametulia kweli kweli.

Sasa niwaambie ukweli wa Mungu. Kitu cha kwanza nilichofanya siyo kukimbia. Nilipiga kelele, "Mama! Mama! Mwambie asimame!" Namwita mama mkwe, aliyeko shambani huko, aje ampe ujumbe Mzee, aliyeko hatua chache kutoka kwangu. Ndivyo mazoea yanavyoshika mtu. Mdomo wangu huu wa Kasumulu, siku niliyouhitaji ulikwenda kutafuta mjumbe.

Gari likaguna. Nikaona taa nyeupe za nyuma zimewaka. Anarudi rivasi asogee stoo.

Sikumbuki nilitokaje jikoni. Khanga ilibaki kwenye mianzi, tuliikuta baadaye imechanika. Nilipita juu ya kokoa, nikapiga bodi la gari kwa viganja vyote viwili, nikapiga kelele ambayo jirani wa ng'ambo ya mto anasema aliisikia.

"SIMAMA!"

Sikusema baba, sikusema naomba. Neno la kwanza kabisa nililowahi kumwambia baba mkwe wangu tangu niolewe ni simama.

Akasimama. Gari likazima lenyewe kwa mshtuko wa breki.

Nikainama nikamvuta mwanangu kwa mkono mmoja. Hana hata mkwaruzo. Ananicheka, na shavu limevimba. Nikaingiza kidole mdomoni nikatoa punje ya kokoa, kubwa, ngumu, imelowa mate. Yaani ukitoa hatari moja unakuta nyingine ndani yake.

Ninapoinuka, Mzee ameshashuka. Tumesimama ana kwa ana. Mimi kichwa wazi, nywele timutimu, nalia kamasi zote. Nikaiona sura yake kwa mara ya kwanza kwa karibu, na nikagundua mwanangu ana macho yake.

Alimwangalia mtoto. Akaangalia tairi. Akaangalia pale alipokuwa amekaa mtoto, punje bado zimekusanywa kichungu. Halafu akakaa chini. Siyo kwenye kiti, chini kwenye udongo, mzee mzima na suruali yake ya safari.

Mvua ikaanza. Familia yetu tone la kwanza likidondoka, hata mgonjwa anaamka kukunja mikeka. Siku hiyo kokoa ilinyeshewa yote na hakuna aliyenyanyua mkono. Mama mkwe alitukuta hivyo hivyo, mimi nimesimama na mtoto, Mzee amekaa, tumelowa.

Nikaingia jikoni nikalia mpaka nikalala na mtoto kifuani.

Sasa msifikiri ndiyo imeisha.

Kuna shangazi wa mume wangu anakaa Mwaya, dada yake Mzee. Habari zikamfikia, sijui zilipanda bodaboda gani. Akaja amejifunga kitenge kiunoni kabisa kabisa. Kwamba mkwe ametoka mbele ya baba mkwe kichwa wazi, amemfokea, amempigia gari lake, kwa hiyo ameharibu heshima ya nyumba. Inabidi nitoe kuku, niombe radhi, mambo yatulizwe.

Nilichemka, wakuu. Nikamwambia shangazi, kwa adabu yangu niliyobakiwa nayo:

"Shangazi, kuku ninao. Nitakupa hata wawili ukale nyumbani kwako. Ila nikitoa kuku ili niombe radhi kwa mwanangu kuwa hai, huyo kuku atanikaba."

Mama mkwe akaangalia pembeni, nikajua anazuia kicheko.

Nikampigia mume wangu. Naye si ndiyo wale wanaume zetu wa amani? "Mama Gwama, toa tu kuku yaishe, mimi nitakununulia wengine." Nikamkatia simu. Jamani kina baba, mke akikupigia analia, suluhisho siyo kuku.

Siku kadhaa uwanja ukawa mzito. Mzee alikuwa hatoki. Hata kikohozi sikukisikia. Anashinda ndani, akitoka anapitia mlango wa nyuma, na gari halikuwashwa. Gwamaka anakaa kwenye mkeka anaangalia mlango, anasubiri. Hapo ndipo hasira yangu ikaanza kugeuka huruma. Nikajua yule mzee hanikasirikii mimi.

Jumapili, baada ya ibada, tukakaa. Mume wangu kaja, shangazi kaja. Mimi niko jikoni nyuma ya mianzi kama kawaida, mtoto mapajani. Mara namwona Mzee anatoka bandani na jogoo. Jogoo lake la rangi ya kutu, analolipenda, lile hatukuwa tunaruhusiwa hata kulitania kuhusu supu.

Akalileta mpaka mlangoni kwa jiko. Hakuingia. Akageuza uso pembeni, akaongea na mama mkwe, lakini sauti aliipandisha nisikie kila neno.

"Mwambie mama wa mtoto, kuku ni wangu kutoa. Mwenye usukani ndiye aliyekosa. Nilipanda gari sijui mtoto yuko wapi."

Shangazi akadakia, "Kaka, lakini mila..."

"Mila ilikuwapo kabla sijanunua gari," Mzee akasema. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe akimwona mtoto anasimama mwenyewe."

Shangazi akakaza fundo la kitenge chake.

Mzee akaendelea, bado anamwambia mama mkwe. Kwamba kuanzia siku hiyo, kabla hajatoka kuja uwanjani na kabla hajawasha gari, atauliza neno moja, "Mtoto?" Na hatasogea mpaka ajibiwe na aliye na mtoto mkononi. Siyo na aliyemwona, siyo na anayedhani. Na kama aliye naye ni mimi, nijibu mimi mwenyewe, kwa sauti, nisimtafute mjumbe.

"Mkwe amjibu baba mkwe?" Shangazi kashika kifua.

"Kuhusu mtoto, ajibu," Mzee akasema. "Mengine tutaendelea kuheshimiana."

Halafu akakohoa kidogo, akauliza, "Mtoto?"

Wakuu, mume wangu ananiangalia, mama mkwe ananipa ishara ya kichwa. Nikampandisha mtoto begani.

"Ninaye, baba."

"Ndaga fijo," akajibu. Asante sana. Akaenda zake ndani, na mimi nikaangua kilio upya.

Jogoo tulimla. Shangazi alichukua paja.

Baada ya hapo mambo yakabadilika moja moja.

Mzee akaingia kwenye mianzi yake, akakata, akapasua, akakwangua vifundo vyote kwa kipande cha chupa mpaka vikawa laini, akajenga uzio mdogo wa mtoto pale pale ninapochambulia kokoa. Una mlango wenye komeo la nje. Ndani kuna mkeka na vikopo vyake. Shangazi alipouona akauliza kama tunafuga mbuzi. Lakini juzi katuma mtu kuulizia kama Mzee anaweza kujengea wajukuu wake wa Mwaya, na mimi nimenyamaza, sijasema kitu. Nimesema kwenu tu.

Kokoa sasa tunaianika juu ya vichanja. Inakauka vizuri zaidi na mtoto hafikii. Gari linaegeshwa nje ya uwanja, kabisa, na Mzee kabla ya kupanda analizunguka akiinama kuangalia chini. Mgongo unamuuma lakini anainama.

Ikabaki safari.

Maana zamani tukienda kliniki mjini ilikuwa hivi: Mzee anaendesha, mama mkwe kiti cha mbele amempakata Gwamaka, na mimi nyuma kwenye bodi juu ya magunia, kwa sababu siwezi kukaa ndani ya gari moja na baba mkwe. Mtoto amepakatwa, hana mkanda, na alipojua kusimama akawa anarukia dashibodi na kumpokonya babu usukani. Tulikuwa tunacheka. Nikikumbuka sasa nasisimka.

Mume wangu akapata kiti cha mtoto cha mtumba Mbeya. Nilikikagua kama navyokagua kitenge: mikanda haijachanika, plastiki haina ufa, kifungio kinalia "ka". Tukakifunga siti ya nyuma, mtoto anaangalia nyuma ya gari, tukavuta mpaka kikawa hakitikisiki. Mama mkwe alilalamika kwamba tumemfunga mtoto kama gunia la mchele. Gwamaka naye akalia kama anachinjwa. Anayemnyamazisha ni mimi tu, na mimi niko kwenye bodi.

Mzee akafikiria siku nzima. Asubuhi tukakuta amefunga kitenge nyuma ya siti yake ya udereva, kimeshuka mpaka chini. Nusu tu, upande wake, ili kioo cha katikati kiendelee kuona nyuma. Akamwambia mama mkwe, "Mama wa mtoto akae ndani, nyuma yangu. Mimi naangalia barabara."

Na akaongeza kwamba gari haliondoki mtoto akiwa hajafungwa, hata alie vipi, na sisi wakubwa pia tufunge.

Safari ya kwanza trafiki akatusimamisha. Akachungulia, akaona kitenge, akaniona mimi upande wa pili na mtoto kafungwa anakula ndizi.

"Mzee, huku nyuma umebeba bibi harusi?"

"Mkwe wangu," Mzee akajibu, anaangalia mbele.

Trafiki alikuwa Mnyakyusa. Akacheka, akapiga bodi, akaturuhusu. Niliona kitenge kinatikisika, nikajua Mzee anacheka, na sijui kama alijua kwamba na mimi nacheka nyuma ya kitenge.

Kwa hiyo mila ipo, wakuu. Sijaja hapa kuponda mila ya watu. Bado namkwepa Mzee, bado ujumbe wa chumvi na sukari unapita kwa mama mkwe. Ila tuna maneno yetu machache ya kila siku, "Mtoto?" na "Ninaye, baba." Ukinihesabia, hayo ndiyo mazungumzo yangu yote na baba mkwe wangu, na sijawahi kuongea na mtu yeyote nikamwelewa hivyo.

Juzi nilipanda Mbeya kwa mume wangu na mtoto, tukakaa huko kidogo. Mama mkwe akanipigia simu anacheka. Anasema Mzee asubuhi ametoka, amesimama mlangoni, amekohoa, ameuliza, "Mtoto?" Hakuna wa kumjibu. Mama mkwe akamwambia, "Baba, mtoto yuko Mbeya!"

Anasema Mzee alisema najua. Kisha akaenda kwenye gari, akalizunguka lote, akainama akaangalia chini ya kila tairi, ndiyo akapanda.

Mama mkwe alikuwa anacheka, mimi nikalia kwenye simu.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto akianza kutembea au kutambaa, msiangalie vitu tu. Angalieni na zile dakika ambazo mtu mmoja anaondoka na mwingine anaingia. Kila nyumba inazo. Kwetu ilikuwa kikohozi, kwako inaweza kuwa dada wa kazi anaenda dukani akijua uko sebuleni, na wewe uko bafuni. Mtoto apokelewe kwa mdomo. Aliye naye aseme ninaye, na gari lisiwashwe kabla neno hilo halijasikika.

Haya, uwanja ni wenu. Wanyakyusa wenzangu wa kuolewa, kwenu mnafanyaje? Na kina baba mnaoegesha magari uwanjani, mnazunguka kwanza au mnapanda tu? Wenye maneno ya "mila za kizamani" karibuni pia, ila mje na adabu, huyo ni mkwe wangu mnayemsema.

Samahani kidogo wakuu. Kuna mtu anakohoa pale mlangoni, na mtoto ninaye mimi.